Picha Ambayo Wote Waliitazama

Wazee wawili wenye mvi na viatu vya kung'aa walikuwa wakivutana kitabu kimoja mbele ya meza ya muuza vitabu vya mitumba. Steringi, aliyekuwa akipita na shughuli zake, akasimama. Aliamini kwamba watu wazima wakivutana kitu kisicholika, hapo pana riziki ya mtu wa tatu.

Jina la Steringi alipewa utotoni. Watoto wa mtaani walipocheza majambazi na polisi, yeye kila alipopigwa risasi ya mdomo alikataa kuanguka. "Mimi ndiye steringi," alisema, akimaanisha shujaa mkuu wa picha za sinema, "na steringi hafi." Wenzake walichoka kumuua, wakamwachia jina. Ukubwani hakubadilika. Alikuwa ameshauza kiwanja chenye bwawa katikati, dawa ya kuotesha nywele iliyootesha vipele, na tikiti za tamasha la mwimbaji aliyekuwa amelazwa hospitali, na kila mara alikataa kuanguka.

Akatoa mfukoni miwani yake ya usomi, akaivaa. Ilikuwa fremu tupu. Vioo vilidondoka siku nyingi, na hakuona sababu ya kuvirudisha kwa sababu macho yake yalikuwa mazima. Kilichohitaji msaada ni sura.

"Nimekishika mimi kwanza," alikuwa akisema mmoja, daktari wa meno aliyestaafu.

"Umekishika, hujakilipia," alijibu mwenzake, mfanyabiashara wa simiti.

"Meno yako ya juu nimeyatengeneza mimi. Niachie kitabu."

"Na ukuta unaoegemea nyumbani kwako umesimama kwa simiti yangu. Niachie wewe."

"Wazee wangu," alisema muuza vitabu bila kuinua kichwa, "kikichanika mtalipa wote wawili."

Daktari alikuwa mwepesi zaidi wa kutoa pochi. Mzee wa simiti akaondoka akinung'unika, na daktari akabaki amekumbatia kitabu kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto. Jalada lake lilikuwa limefifia, lakini jina lilisomeka: Ambayo Kamera Haikuyaona.

"Samahani mzee," alisema Steringi kwa sauti ya watu wa maktaba. "Sijaiona nakala ya kitabu hicho tangu nilipoacha kazi katika kampuni ya filamu."

Daktari akageuka. Mtu mpweke aliyeshika kitabu adimu hana kinga dhidi ya maneno kama hayo. Chai ilikuwa imeshaagizwa kabla hajauliza kampuni ipi.

Kitabu kilihusu picha za sinema za zamani, za majambazi na wapelelezi. Hakikusimulia hadithi zenyewe. Kilieleza yaliyofanyika nyuma ya kamera. Mle daktari alimsomea kwamba katika picha iitwayo Kufuli la Saba, kasha zito la benki lilikuwa la mbao laini, na mlio wa mlango wake ulikuwa mlio wa friji la mama mwenye nyumba. Maiti aliyefungiwa ndani ya buti ya gari alipitiwa na usingizi wa kweli akakoroma, ikabidi wapitishe sauti ya treni juu yake. Mpelelezi shujaa aliogopa mbwa, kwa hiyo yeye na mbwa wake mwaminifu hawakuwahi kukutana. Kila mmoja alipigwa picha siku yake.

"Aliyekiandika alifariki mwaka juzi," alisema daktari. "Alikuwa akiingia ukumbini na tochi aliyoifunga kitambaa, anaandika gizani, watu wanamzomea. Sisi tunaokipenda kitabu hiki tumebaki wachache. Na sura kubwa kuliko zote ni hii." Akafungua sura ya tisa, Mkoba wa Kijani.

Ilikuwa picha ya wizi wa almasi. Mkoba wa kubebea almasi, kitabu kilisema, ulishonwa na mke wa mwongozaji kutokana na pazia la sebuleni kwake. Bitana yake ilikuwa gauni la mtoto lenye maua ya njano. Kifungo kimoja kilikuwa cha shaba, cha pili cha mfupa. Mwishoni steringi anakufa ameukumbatia, na tangu siku hiyo ya kupiga picha mkoba haukuonekana tena.

"Anakufa?" aliuliza Steringi.

"Anakufa."

"Steringi?"

"Ndiyo sababu ni picha kubwa, kijana. Mimi niliitazama. Nilikaa safu ya tatu kutoka mbele. Alipoanguka, ukumbi mzima ulinyamaza."

Kitu kidogo kilimwasha Steringi moyoni, kama mbu anayepita sikioni. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshafika kwa fundi cherehani, na mbu akaachwa apite.

Fundi alishona mikoba miwili siku ileile, kwa pazia, kwa gauni la mtoto, na kwa vifungo visivyofanana. Steringi akailoweka kwenye chai ya rangi, akaianika juani, akaisugua kwa tofali, akamkabidhi mbuzi wa jirani mkoba mmoja autafune kidogo pembeni. Mbuzi aliukataa. Hilo lilimpa Steringi moyo, maana kitu ambacho hata mbuzi anakikataa hakika ni cha kale.

Alimwendea daktari na mkoba mmoja. Alimwendea mzee wa simiti na wa pili. Kila mmoja aliambiwa kwamba ni yeye peke yake duniani, na kwamba mwenzake asijue. Mzee wa simiti, alipoyaona maua ya njano, alilazimika kukaa juu ya mfuko wa bidhaa yake.

"Niliitazama picha hii nikiwa kijana," alisema. "Baba yangu alipofariki nilijikaza, sikutoa chozi. Lakini steringi alipokufa na mkoba huu kifuani, nililia mbele za watu."

"Pole mzee."

"Asante. Lakini sitoi kitu kwa maneno matupu. Nionyeshe palipoandikwa kwamba mkoba umepatikana."

Daktari alisema hayohayo. Wapenzi hawa wa siri za sinema waliweza kumshuku mtu, wakashuku macho yao, wakashuku hata mkoba walioushika mkononi. Kilichopigwa chapa hawakukishuku kamwe. Steringi akaona kwamba kinachokosekana ni toleo jipya la kitabu, lenye ukurasa mmoja wa nyongeza.

"Kama huniamini," aliwaambia, kila mtu kwa wakati wake, "mjane wa mwandishi yupo, anwani yake iko nyuma ya kitabu. Nenda kamsalimie." Kisha akakimbia ili afike yeye kwanza.

Mjane aliishi ghorofani, juu ya duka la mtengeneza funguo. Sebule yake ilikuwa na viti viwili vya ukumbi wa sinema, vile vya kukunjika vyenyewe mtu akiinuka, vimepigiliwa sakafuni kwa boliti. Ukumbi ulipobomolewa, mumewe alivinunua kutoka kwa wabomoaji akavibeba kimoja kimoja. Yeye alikaa kimoja. Kingine kilikuwa kimekunjwa. Steringi alipotaka kukishusha akae, aliambiwa kwa upole, "Hicho hapana, mwanangu. Vuta kigoda."

Alivuta kigoda, akaeleza. Kampuni ya filamu inamheshimu sana marehemu. Inataka kutoa toleo jipya, lenye habari njema kwamba mkoba umepatikana. Nakala chache tu, tatu hivi.

Mama alimsikiliza huku akimtazama usoni, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Hata mimi sina nakala," alisema hatimaye. "Siku za msiba watu waliazima vitabu vyake, na mtu anayeazima msibani harudishi. Mswada ninao, kwa mkono wake. Kila nikienda kwa mpiga chapa ananiambia kitabu cha mtu asiyejulikana hakimlipi. Asiyejulikana, mwanangu. Mtu aliyezomewa katika kila ukumbi wa mji huu."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Lakini nikifa mimi kabla hakijachapwa, atakuwa amekufa kweli." Akamimina chai. "Sasa, nakala tatu haziwezekani. Mashine ya chapa ikiwashwa haiwashwi kwa nakala tatu. Ni mabunda, au basi."

Steringi alijikuna jicho, akafikiri. Faida ya mikoba miwili ingefunika mabunda mara kadhaa. "Mabunda basi, mama."

"Na jalada gumu. Hakupenda vitabu vinavyojikunja kama kiwavi."

"Jalada gumu."

"Na jina lake lote, kwa herufi kubwa. Lile toleo la kwanza waliliandika kwa herufi ndogo kama sisimizi. Na mpiga chapa analipwa kwanza, hakopeshi hata ndugu zake. Ninamjua, ni shemeji yangu."

Kila hitaji lilifuatwa na kikombe cha chai, na kila kikombe kilimfanya Steringi aone aibu kubisha. Akashuka ngazi akiwa amekubali kila kitu. Ili alipe, alimaliza akiba, na akiba ilipokwisha aliuza pikipiki. Pikipiki hiyo ndiyo kitu pekee alichowahi kununua kwa njia ya haki, na ilikuwa imemsumbua dhamiri miaka yote.

"Limebaki moja," alisema mama, siku alipopeleka fedha. "Ukurasa wako wa mkoba nitauweka mwishoni, neno kwa neno. Lakini nataka kuandika dibaji."

"Mama, andika hata mbili."

Hapa msimulizi anaomba kusimama kidogo kwa heshima. Ni jambo linalofahamika kwamba dibaji ni kibaraza cha kitabu: kila mtu anakipita akikimbilia ndani, hakuna anayekaa. Steringi alikuwa mtu mwenye akili, na mwenye akili hasomi dibaji. Alichosahau ni kwamba alikuwa akiwauzia watu wa aina nyingine, wale wanaosoma kila kitu, hata anwani ya kiwanda cha karatasi.

Vitabu vilitoka. Mama alimwambia aje kuchukua nakala zake mchana, aje na mikoba, kwa kuwa angependa kuiona.

"Mikoba, mama? Mkoba ni mmoja."

"Ndivyo nilivyosema."

Alipopanda ngazi, mikoba yote miwili ikiwa ndani ya mfuko wa magazeti, tayari kupelekwa kwa wanunuzi wakati wa kurudi, alisikia sauti za kiume. Akafikiri ni shemeji. Akaingia, na kwenye vigoda viwili, goti kwa goti, walikuwa wamekaa daktari wa meno na mzee wa simiti, kila mmoja na kitabu kipya mapajani. Wote wawili walikuwa wamefungua ukurasa uleule wa mbele.

"Karibu, mwanangu," alisema mama kutoka kwenye kiti chake. "Wageni wako wamekuja. Itoe mikoba yako tuione."

Steringi aliitoa mikoba, mmoja, kisha wa pili, akaiweka mezani. Maua ya njano yakatazamana.

"Soma," alisema mzee wa simiti, akimsukumia kitabu.

Steringi akasoma dibaji, ya kwanza maishani mwake.

"Mume wangu aliyapenda mambo madogo ya kweli," mama alikuwa ameandika. "Katika kitabu hiki aliandika uongo mmoja tu, nao ni sura ya tisa. Picha iitwayo Mkoba wa Kijani haikupigwa na mtu yeyote, mahali popote. Aliitunga kwa sababu mwandishi mmoja wa gazeti alikuwa akinakili kazi yake kila wiki bila kumtaja. Aliitega kama mtego wa panya, akangoja. Mwezi haukwisha, bwana yule akaandika kuhusu Mkoba wa Kijani, akaongeza kwamba yeye mwenyewe aliitazama. Siku hiyo mume wangu alicheka mpaka akalala sakafuni. Nimeiacha sura hiyo mahali pake, kwa sababu bado inafanya kazi. Na ukurasa wa mwisho wa toleo hili umeongezwa na mtu aliyenaswa hivi karibuni."

Steringi alifunga kitabu taratibu. Akawatazama wazee. Wazee wakatazama dari.

"Safu ya tatu kutoka mbele," alisema Steringi.

"Nilikuwa nakupima," alisema daktari. "Nilijua tangu mwanzo."

"Hata mimi nilijua," alisema mzee wa simiti.

"Wewe mzee si ulilia?"

"Nilikuwa na mafua."

"Walikuja wiki iliyopita," alisema mama, "mmoja asubuhi, mwingine jioni, kila mmoja akiulizia mkoba ulioonyeshwa kwake. Wakanisimulia ile picha vizuri sana. Huyu aliongeza mvua mwishoni, na huyu akaongeza mtoto anayekimbia. Niliwaacha waendelee. Mume wangu angefurahi, yeye hakuwa na mvua."

Daktari alikohoa. Mzee wa simiti aligundua kwamba kamba ya kiatu chake imelegea, ingawa kiatu hakikuwa na kamba. Kumshtaki Steringi wasingeweza, maana wangelazimika kueleza kwamba walitaka kununua kumbukumbu ya picha waliyoiona na ambayo haikuwepo. Wakafanya alichobaki nacho mtu mwenye heshima zake: walinunua vitabu, vingi kuliko walivyohitaji, wakamlipa mama mkononi, wakaaga. Kwenye ngazi walisikika wakibishana ni nani alijua kwanza.

Steringi alibaki amesimama. Pikipiki haipo, akiba haipo, na mezani kulikuwa na mikoba miwili ya pazia inayonuka chai.

"Ulinijua lini, mama?"

"Siku ya kwanza. Ulijikuna jicho bila kuvua miwani."

Aliivua, akaitazama kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

"Lakini kosa lako si miwani," mama aliendelea. "Wewe unaitwa nani huko mtaani?"

"Steringi."

"Na katika picha za zamani, steringi anafanyaje?"

Yule mbu wa siku ya kwanza akarudi, akatua, akauma.

"Hafi," alisema Steringi.

"Hafi. Anarushwa ghorofani, anaamka, anajipangusa suruali. Mume wangu hakuwa mtu wa kuonea. Alisema hata panya aachiwe nafasi ya kuona mtego. Kwa hiyo alimuua steringi. Mtu yeyote aliyezitazama picha hizo angestuka hapohapo. Wewe mwenye jina lenyewe ukapita."

"Nilistuka kidogo, mama."

"Kidogo hakitoshi."

Akainuka. Kiti chake kikajikunja nyuma yake kwa mlio wake wa zamani. Akaburuta bunda moja la vitabu kutoka mlangoni, akashusha kile kiti cha pili kwa mkono wake, akaliweka bunda juu yake. Kiti kilijaribu kuinuka, kikashindwa, kikabaki chini. Jina la mumewe, kwa herufi kubwa, lilikuwa juu, likitazama ukutani palipokuwa na pazia jeupe kama la sinema. Alisimama hapo muda.

"Chumbani yamejaa mabunda mengine," alisema mama hatimaye, bila kugeuka. "Miguu yangu haifiki tena mjini. Wewe mdomo unao. Uza, tutagawana. Na ukimwambia mtu uongo hata mmoja kuhusu kitabu hiki, nitajua."

"Utajuaje, mama?"

"Kunywa chai yako."

Ndivyo Steringi alivyopata kazi ya halali, pigo ambalo hakuna aliyemtabiria. Alipewa pembe ya meza ya yule muuza vitabu vya mitumba, akasimama hapo siku baada ya siku akisema kweli tupu: kwamba kitabu ni kizuri, kwamba mwandishi wake alizomewa, na kwamba ndani yake mna picha moja ya uongo, msomaji aitafute. Kwa mshangao wake, kweli iliuzika. Mabunda yalipungua. Mkoba mmoja mama aliuchukua wa kutunzia mswada. Wa pili ulibaki chini ya meza, Steringi akiutumia kuwekea chakula cha mchana.

Kisha akaja mzee mmoja, mnene, mwenye saa ya dhahabu na dereva anayemsubiri ng'ambo ya barabara. Akachukua kitabu, akakifungua katikati, akatabasamu.

"Mkoba wa Kijani," alisema. "Hii niliitazama mimi. Mara mbili."

Steringi alimtazama, akakumbuka macho ya mama. "Hiyo haipo, mzee," alisema. "Ilitungwa. Soma dibaji hapo mbele."

"Dibaji inajua nini? Dibaji ilikuwepo ukumbini? Mimi nilikuwepo. Steringi anakufa."

"Mzee wangu, nakuambia kweli ya Mungu, haikupigwa."

"Kijana, usinifundishe maisha yangu. Ule mkoba ninauona mpaka leo. Una maua ya njano kwa ndani. Ningeupata ule mkoba, ningetoa chochote."

Steringi akapiga hesabu kichwani. Kweli alikuwa ameisema, tena mara mbili, na alikuwa na shahidi. Muuza vitabu aliinua kichwa, kwa mara ya kwanza, akamtazama. Steringi akainama, akatoa mkate wake kutoka kwenye kitu kilichokuwa chini ya meza, akauweka pembeni. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa miwani, akaivaa.

"Chochote?" aliuliza, huku akijikuna jicho la kulia, polepole, kwa kidole kilichopita katikati ya fremu.

Mzee hakuona kitu.